Ulipoitikia Salamu na Baruti Mkononi

Kaka yangu Athumani,

Nimefika umeshazikwa. Ndege ya kutoka Muskati ilichelewa, na kwetu maiti hangojeshwi. Niliwakuta watu barazani, pale pale palipokuwa mlango wa karakana yetu. Mzee mmoja akanipa mkono wa pole, akalitazama jicho langu la kioo, akasema, "Ala! Si wewe yule fundi wa mtutu uliopasuka?"

Miaka yote hii, kaka. Jina langu wamelisahau, mtutu wanaukumbuka.

Ndiyo maana barua hii naiandika waziwazi, waisome na wengine. Kuna neno uliloahidi kulisema, ukaondoka nalo.

Unaikumbuka karakana ilivyonuka? Mafuta ya mashine, unga wa mbao za vitako, na udi ambao mama alikuja kutufukizia kwa nguvu akidai nguo zetu zanuka vita. Mimi nilikuwa wa chuma: mtutu, chemba inapokaa risasi, na komeo la kuifungia. Wewe ulikuwa wa risasi. Uwindaji ulikuwa bado halali, na waliotuletea kazi walikuwa wawindaji wenye vibali waliopita hapa wakielekea Tsavo, watu ambao risasi za dukani hazikuwatosha.

Bi Shingo, risasi tuliyoibuni, ilikuwa yetu sote wawili. Tulichukua ganda nene la risasi ya nyati, tukalibana shingo kwa kalibu niliyoichonga mimi, likabeba risasi nyembamba ya kwenda mbali bila kushuka. Hakuna kiwanda kilichoitengeneza. Bunduki yake ilikuwa moja tu, na bila mikono yetu ilikuwa rungu. Ganda la kwanza lilipotoka kwenye kalibu bila mkunjo ulilibusu, ukasema, "Tazama, lina shingo kama ya Rukia." Nikakujibu kwamba huyo Rukia uliyekuwa ukimposa akisikia amefananishwa na risasi, hutampata. Ulicheka mpaka ukaishikilia jiliwa ya kubania chuma usianguke.

Kanuni ya karakana aliiweka baba: anayemimina baruti haitikii salamu. Katika mji huu, ambamo posa yaweza kuvunjika kwa salamu isiyojibiwa, hiyo haikuwa kanuni nyepesi. Kwa hiyo baba aliipa nusu ya pili: aliye kwenye tupa huitikia kwa niaba ya wote, kwa kuwa mmoja akiitikia imetosha. Mtaa mzima ulijua. Watoto wa chuo cha Kurani walikuwa wakija kukutolea salamu makusudi, wakukodolee macho ulivyofumba mdomo, kisha wakimbie wakicheka.

Siku ile ulikuwa ukijaza maganda mapya. Ganda jipya la Bi Shingo lilitakiwa kupigwa mara ya kwanza kwa baruti kidogo tu, litanuke na kulichukua umbo la chemba. Baruti yenyewe haikufika hata nusu ya ganda, na hapo ndipo hatari ilipojificha: ukitia mara mbili haifuriki, wala huioni mpaka bunduki ilipuke.

Akapita Mzee Shee, babake Rukia. "Assalaam alaykum!"

Niliitikia mimi, tupa mkononi.

"Sikukusalimu wewe," akasema. "Namsalimu huyo anayetaka kuwa mkwe wangu. Ama yuwamtaka binti, babake hamtaki?"

"Ana baruti mkononi, Mzee."

"Kwani baruti yaziba mdomo? Ama Rukia namwoza bubu?"

Ukageuka. Ukaitikia salamu kamili, na rehema na baraka juu yake. Ukamuuliza hali yake, na ya nyumbani, na ya mguu wake, na ya mbuzi wake aliyekuwa mgonjwa. Naye akakujibu kimoja kimoja, bila haraka, kama tujuavyo sisi. Alipoondoka, mkono wako ulikuwa ukielea juu ya maganda, na hukujua umefikia lipi.

"Mwaga yote, uanze upya," nikakuambia.

"Arudi anikute naanza upya kama mwanafunzi?"

"Mwaga, kaka."

Nilikwenda kuswali adhuhuri. Niliporudi, risasi zote zilikuwa zimeshafungwa na kupangwa ndani ya kisanduku. "Umemwaga?" nikauliza. "Nimemwaga," ukasema. Sikuwa na sababu ya kutokukuamini. Tangu utoto hukuwahi kunidanganya.

Tulikwenda kuijaribu bunduki kule bara, kwenye machimbo ya mawe. Za mwanzo zilitoka vizuri. Wakumbuka nilivyokuwa nikikupa maganda yangali moto, nawe ukiyatazama kama lulu? Kisha nikafyatua nyingine, mtutu ukapasuka, na komeo likanirudia usoni.

Hospitali ulikaa sakafuni, si kwenye kiti. "Sikumwaga," ulisema. "Nilidhani nakumbuka nilipofikia." Ukalia. Halafu ukasema jambo ambalo nimeishi nalo kuliko lile jicho: "Nimemwambia mwindaji mwenye bunduki kuwa chuma chako kilikuwa na ufa. Mzee Shee akijua ni mimi, hanipi Rukia. Nyamaza mpaka nioe tu. Nikishaoa nitasema mwenyewe."

Uso wangu ulikuwa umefungwa bendeji. Nikautafuta mkono wako, nikaushika. Hilo ndilo lililokuwa jibu langu.

Ulioa. Nilikuwamo miongoni mwa waliokusindikiza, jicho limefunikwa kitambaa cheupe lisiharibu sherehe. Nikangoja. Mwanao Salim akazaliwa, nikangoja. Hakuna aliyenitukana, wallahi. Waliacha tu kuniletea mitutu. Mmoja alikuja kuichukua hata kazi niliyokwisha kuianza, akaniuliza kwa adabu nyingi kama afya yangu inaniruhusu. Nawe ulikuwa umesimama hapo hapo, ukisugua shaba.

Nikaenda Muskati kutengeneza pampu za maji. Mtu mwenye kiu haulizi jina la fundi.

Uwindaji ulipopigwa marufuku, karakana ikafungwa. Juzi Salim amenieleza ulivyomaliza maisha yako ya kazi: karibu na Ngome ya Yesu, ukiwauzia watalii maganda ya Bi Shingo uliyoyatoboa yawe vishikio vya funguo.

"Baba akiwaambia ni risasi aliyoibuni mwenyewe," alisema kwa fahari.

"Mwenyewe?"

"Ndiyo, ami. Akisema ilikufa kwa sababu ya mtutu mbovu."

Hakujua kwamba fundi wa mtutu huo ndiye mimi, kaka. Mwanao mwenyewe hakujua. Akanipa kimoja kiwe kumbukumbu yako, nikakitia mfukoni. Ninapoandika nimekiweka mezani. Shingo yake haina mkunjo hata leo.

Rukia yumo edani. Alizungumza nami nyuma ya pazia. "Shemeji, kwenye mazishi watu waliulizwa kama kuna mwenye neno na marehemu. Wote walisema wamemsamehe. Wewe tu hukuwako. Kuna neno?"

"Lipo."

"Basi msamehe, shemeji. Neno lenyewe litasemwa baadaye."

"Hilo la baadaye," nikamwambia, "niliahidiwa zamani."

Nikamuaga hapo. Mtu hamwambii mjane jambo kama hili kupitia kitambaa. Lakini Salim atamsomea barua hii, na neno ndilo hili: chuma kilikuwa kizima. Sentensi moja tu, Athumani. Ungeweza kuisema barazani asubuhi yoyote, kati ya kikombe cha kahawa na kingine. Rukia alikuwa ameshakuwa wako, Mzee Shee alikuwa ameshakufa, ungepoteza nini?

Jicho nilikusamehe pale pale kitandani. Mkono wa binadamu hukosea, na aliyekuchokoza alikuwa babake umpendaye. Jina langu sikukusamehe. Leo, kwa kuwa mkeo ameniomba, nimetafuta moyoni mahali pa kulisamehea, na sijapaona. Huenda nikapaona nikiwa nimerudi mbali na mlango huu. Siahidi, maana ahadi baina yetu najua zinavyokwenda.

Jana Salim alinipeleka makaburini. Udongo wako bado mbichi. Alinionyesha, kisha akarudi nyuma aniachie nafasi. Wafu nao huanzwa kwa salamu, kwa hiyo nikasimama nikaitoa kwa sauti, kama alivyoitoa Mzee Shee pale mlangoni. Kisha nikajikuta nangoja.

Hukuitikia. Laiti ungenyamaza hivyo siku ile.

Lala, kaka. Mimi narudi Muskati.

Mdogo wako wa tumbo moja,
fundi wa mtutu uliokuwa mzima