Rodi Nilizopaswa Kutupa

Jumanne, Burat. Upepo umeamka mapema, na vumbi limeingia hata kwenye chai. Joto la Isiolo ni lile lile. Karakana nimeifunga. Kuna geti la mteja halijaisha na sijali.

Niseme tu.

Hadi mwaka jana mimi na rafiki yangu Mutuma tulikuwa mafundi wa kuchomelea vyuma ng'ambo, katika kiwanda kinachounda nyambizi; mimi nikarudi, yeye akabaki. Watu hapa hucheka wakisikia Mborana asiyejua kuogelea ametengeneza chombo cha kwenda chini ya bahari. Hata mimi nilikuwa nacheka. Ni nyambizi za kivita za aina mpya: zikiwa juu, injini za dizeli huchaji betri, na zikizama hutembea kwa betri tu, kimya. Wahandisi waliozichora walihangaika nazo miaka mingi, wakitaka betri kubwa, kelele kidogo, na kina kirefu kuliko zile za zamani. Hicho kina ndicho kilituletea sisi kazi, kwa sababu chuma chake kina maringo, si kila fundi anakiweza.

Yetu ilikuwa ya kwanza ya aina hiyo. Kesho inazamishwa mpaka mwisho wa kina chake kwa mara ya kwanza.

Na Mutuma anaingia ndani.

Ni desturi ya kile kiwanda. Safari hiyo ya kwanza, mafundi wachache waliochomelea bodi hupanda pia. Fundi Mkuu, mzee aliyetufundisha, hakosi. Anasema mtu hufanya kazi safi akijua atalala ndani yake. Niliipenda sana hiyo kauli, mnafiki mimi.

Asubuhi mke wa Mutuma, Mama Mwenda, alinipitia akienda sokoni kuuza nyanya. Furaha ilikuwa imemjaa usoni. "Baba Qabale, Mutuma amechaguliwa kuingia kwa hiyo kitu kesho. Leo saa tisa za huku wanaacha simu kwa geti, hataongea na mimi mpaka Ijumaa. Wewe na yeye mlitengeneza. Si iko sawa?"

Nikamwambia iko sawa, alale salama.

Nimemdanganya mke wa mtu juu ya uhai wa mumewe.

Kule kiwandani, rodi za kuchomelea hukaa kwenye oveni ndogo yenye moto. Rodi ikikaa nje kupita saa zake hutupwa, na huandikwa kwenye kadi, hata kama inang'aa. Fundi Mkuu alitueleza sababu: hewa ya kule ina unyevu, rodi huunywa, na chuma kile kikichomelewa na rodi kama hiyo hupasuka kwa ndani siku kadhaa baadaye, fundi ameshaenda zake. Niliitikia kwa kichwa. Lakini mimi nimekulia hapa. Hapa rodi hukaa mezani mwaka mzima na hakuna kinachoharibika, na mama yangu hajawahi kutupa hata msumari uliopinda. Kila nilipoona rodi nzima zikienda kwenye pipa roho iliniuma. Nikawa naziokota na kuzificha kabatini nizilete nyumbani.

Siku moja zamu ilikuwa inaisha, oveni yangu ikawa tupu, na ubavu mmoja wa bodi, ile pete ya chuma inayoishika kwa ndani, umebaki kipande cha urefu wa mkono. Stoo ilikuwa mbali. Nikatoa zile za kabatini. Mutuma, ambaye ndiye alikuwa akikagua kadi yangu, aliniona. Akatia sahihi, akasema twende tukale. Baadaye wapimaji walichagua baadhi ya mbavu wakazipima kwa mashine, na wangu haukuchaguliwa.

Nimejiambia mara nyingi kwamba kipande kimoja hakiwezi kuua watu. Labda ni kweli. Mimi si mhandisi, sijui, na huko kutojua ndiko kunanimaliza.

Saa nne nilimpigia Mutuma. Hakukasirika, aliongea polepole kama anayebembeleza mtoto. "Guyo, ukifungua mdomo tumefukuzwa wote wawili. Sahihi ni yangu. Na wewe kurudi, sahau. Wacha niingie, Mungu yuko." Akakata.

Barua ya kuniita nirudi mwezi ujao kwa nyambizi ya pili iko hapa mbele yangu. Kazi ya Mutuma ndiyo imeshikilia nyumba yake na ya wazazi wake. Nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe, na sasa namkaanga na yeye.

Adhuhuri niliswali vibaya. Kila nikisujudu naona giza na maji. Ninaogopa, wallahi, na ninaona aibu kuliko ninavyoogopa.

Saa saba na nusu nikamwandikia Fundi Mkuu. Sikupamba. Namba ya ubavu, upande wa kushoto, rodi kumi na moja, zilikaa nje wiki mbili, jina langu. Nilitaka kumwacha Mutuma nje ya maneno hayo, lakini sahihi iko kwenye kadi, wataiona tu. Nikatuma kabla sijapata sababu nyingine ya kungoja.

Kimya. Saa nane kimya. Nikatembea mpaka sokoni, nikamwambia Mama Mwenda yote nikiwa nimesimama. Hakunitukana. Aliendelea kupanga nyanya, akauliza jambo moja tu: "Na asubuhi ulikuwa unajua?"

Nilikuwa najua.

Akanigeuzia mgongo akamhudumia mteja. Nilisimama pale muda mrefu, mpaka jirani yake akaniuliza kama nanunua.

Nimerudi karakana. Saa tisa imepita na hakuna aliyenijibu. Nimejaribu kuandika sentensi ya kujisamehe hapa, nimeifuta.

Saa kumi na robo. Simu inaita, na jina kwenye kioo ni la Mutuma, mtu ambaye saa hizi hakutakiwa kuwa na simu. Yuko nje: ujumbe wangu umesomwa na wamemwondoa. Najua atakayoniambia, na nitakaa niyasikilize yote.