Matone ya Viluwiluwi Niliyompa Mama

Shangazi Wakarima, nakuandikia nikiwa nimeinamisha kichwa, na naomba unisaidie kabla mama hajaniponyoka. Kazi yangu ni kulisha viluwiluwi wa vyura katika maabara moja hapa Nairobi, ambapo watafiti hujaribu dawa zilizotengenezwa kufanana na homoni ya tezi ya shingoni, wanatia tone kwenye maji halafu wanaangalia kama kiluwiluwi ataota miguu na kupoteza mkia mapema, maana homoni hiyo ndiyo humgeuza kuwa chura, ingawa wengine hufa kabla ya kuota hata mguu na mimi ndiye huwatupa. Sasa mama yangu, anayekaa Kibera, ana uvimbe shingoni, miaka yote anauficha kwa leso, nikaona dawa yenye nguvu hivi itamfaa, nikaiba kichupa, nikamdanganya kwamba nimepewa na daktari, naye akaacha vidonge vya kliniki. Uvimbe ukaonekana kupungua, akavua leso kanisani akashuhudia, "Msichana wangu ndiye amenitibu, si muone hii shingo," watu wakapiga makofi na mimi nikapiga. Siku hizi amekonda, halali, moyo unamwenda mbio, mikono inamtetemeka akisali na kina mama wenzake wanasema ameshukiwa na Roho, na jana mwenye nyumba wake, Mabrouka, aliniomba matone ya kumpa dada yake mwenye uvimbe kama huo. Nikisema ukweli nitamwaibisha mama mbele ya kanisa zima na kazi itaniponyoka. Naona haya hata kumtazama usoni. Nifanye nini?

Mwenye Haya, Kawangware 46

Binti, pole, na sikubembelezi zaidi ya hapo. Hao kina mama siwalaumu, hawajawahi kuona homoni hiyo ikizidi mwilini. Wewe umeona. Umepitia haraka haraka pale uliposema wengine hufa na wewe ndiye huwatupa, kisha kitu hicho hicho ukakidondosha kwenye kikombe cha mama mzazi.

Asimeze tone lingine, hata akikulilia. Usingoje Jumapili. Mpeleke hospitali leo, beba kichupa, umweleze daktari ni dawa gani na ulimpa kiasi gani, bila kupunguza, la sivyo atatibiwa ugonjwa usio wake. Mabrouka mwambie hapana, na umwambie kwa nini. Halafu nenda kwa mkubwa wako kazini ukakiri mwenyewe. Akikufukuza, usiniandikie kulalamika.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe unaficha maradhi ya mtu mwingine. Mama atakutukana, tena mbele ya manesi. Mwombee apate pumzi ya kukutukana.