Mtoto Alipoamka Amevimba Macho

Mjukuu wangu Neema,

Huku Mtinko hatujambo, alizeti tumeshavuna. Umeniuliza kama mwanao anavimba uso kwa sababu jirani amemroga.

Baba yako alipoanza kusimama, aliamka macho yamevimba. Nilimshuku wifi yangu Maria, maana jana yake alisema, "Haka katoto kamenenepa!" Nikamkataza kumshika.

Siku moja akaniita mlangoni. "Wifi, nimemwaga kopo la mtoto la kukojolea, mkojo una povu. Mpeleke hospitali."

Hata hapo nilidhani ananitega, lakini nilikwenda. Daktari akapima mkojo, akasema figo zinapitisha protini kwenye mkojo, ndiyo maana anavimba. Alitibiwa muda mrefu, akapona.

Maria bado ananiletea mboga ya mlenda. Sijathubutu kumwambia nilichomdhania. Mpeleke mtoto leo, na jirani umsalimie.

Bibi yako anayekuombea