Mikaratusi ya Wanangu Inakausha Ndiva

Mpendwa Shangazi Klara, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo kuna kikao cha maji na mwenyekiti wake ni mume wangu.

Mimi ni mama wa watoto watano, tunalima kabichi na karoti huku Vuga, na kila nilipojifungua mama mkwe alichukua kitovu cha mtoto akakizika na juu yake akapanda mti, wengine hupanda mgomba lakini yeye alitaka mti unaokua upesi ili na mtoto akue hivyo hivyo, akaleta miche ya mikaratusi kutoka kwa kaka yake Shume, akachagua palepale kwenye chemchemi ili wajukuu wasikose maji maishani. Miti imenenepa, ule wa Edgar, kifungua mimba wangu, siwezi tena kuukumbatia, na chemchemi hiyo ndiyo inayojaza ndiva, bwawa letu la kukinga maji usiku ili asubuhi tumwagilie kwa zamu, ila siku hizi asubuhi tunakuta maji ya kunawia miguu.

Baba Edgar anasema jirani yetu wa bondeni, Latifa, ambaye ni mjane, anazibua ndiva usiku. Aliweka mlinzi, mlinzi akasema hakuja mtu, Baba Edgar akasema basi huyo mwanamke ni mwizi hodari. Latifa mwenyewe aliniambia kwa upole, "Mama Edgar, hii miti ndiyo inayokunywa," nami nikamfikishia mume wangu, akajibu kwamba Latifa anawaonea wanangu kijicho. Nikimwambia tuikate ananiuliza tuanze na mtoto gani. Mwaka jana alipunguza tawi la mti wa Kristian na wiki hiyohiyo Kristian akavunjika mkono, mama mkwe akasema mnaona, ingawa mtoto alivunjika kwa kuanguka kutoka kwenye mti huohuo. Jumamosi wanataka kumnyang'anya Latifa zamu yake, na kabichi zake ndiyo kwanza zinaanza kufunga vichwa. Mimi ukweli naujua, lakini nina mume. Nifanye nini?

Mama Edgar

Marahaba, Mama Edgar, na pole. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kuhakikisha kwamba kweli mlimwekea mlinzi mjane, miti mkaiacha.

Mama mkwe wako alipanda kwa upendo, sina ugomvi naye. Mtoto akiumwa mpelekeni zahanati, msiulize mti. Lakini acha kubishana na mumeo, hapo umekosea mlango. Miti aliipanda bibi. Nenda kwake leo, msalimie, msaidie kazi aliyonayo, halafu mwombe asubuhi mwende pamoja kwenye ndiva kabla haijafunguliwa. Usimhubirie. Mwache ayatazame mwenyewe maji aliyowatakia wajukuu wake, kisha mwombe aibariki miti ikatwe na kila mtoto apande mkuyu wake palepale, mti unaotunza maji, kwa mkono wake. Baba Edgar anaweza kukukatalia wewe. Mama yake sidhani.

Mkikubaliana, mwoneni afisa misitu kuhusu kibali, na visiki msisahau kuving'oa, maana mkaratusi ukikatwa huchipua tena. Nguzo mtakazopata mjengee. Maji hayatarudi wiki hiyohiyo, kwa hiyo tandazeni nyasi kwenye matuta na muache kumwagilia wakati wa jua la mchana.

Sasa Jumamosi. Bibi akubali au akatae, kikaoni utasimama. Unaniambia una mume kana kwamba ni ugonjwa wa koo. Latifa hana wa kumsemea, anaitwa mwizi, na bado alikuja kwako kwa upole asikuaibishe mbele za watu. Hilo limeniudhi kuliko miti yote mitano. Simama useme, "Maji yanamalizwa na miti yetu," halafu mwachie Latifa zamu yenu ya wiki hiyo. Baba Edgar atanuna. Mpikie kama kawaida, mwache anune, Latifa amwagilie.