Mikono ya Darasa la Saba

Baba,

Siku tunakuzika, mwenyekiti wa mtaa alisimama mbele ya watu wa Walukuba akasema kwa Kiingereza chake, "Everybody are crying." Nikasubiri ukohoe. Wewe uliyewahi kumkoholea hata bwana harusi kwa kosa hilohilo! Hukukohoa. Hapo ndipo nilipoamini kwamba umekufa.

Mwalimu mkuu wa shule yako aliniomba nibaki Jinja kidogo, nilishike darasa lako la saba, maana mtihani umekaribia. Nikakubali, ingawa moyo ulikuwa Mbale, shuleni kwangu. Siku ya kwanza niliandika kanuni ubaoni: everybody, nobody, each, yote yanachukua kitenzi cha mtu mmoja. Wakaitikia kwa pamoja, "Everybody have a book." Nikafoka. Wakarudia vilevile. Hasira zangu unazijua, umenizaa.

Ndipo binti mmoja wa Masese, mama yake muuza samaki, akasema taratibu, "Madamu, Mwalimu alikuwa anatushika mukono, moja moja."

Nikakumbuka. Hata mimi ulinifundisha hivyo, tukipita barazani kwa majirani: huyu ana kiti, na huyu anacho, na huyu pia anacho, basi everybody has. Kwako hapakuwa na kundi, Baba, palikuwa na watu.

Nikapita dawati kwa dawati nikiwashika mikono. She has a book. He has a book. Mikono midogo, yenye jasho na vumbi la chaki. Nilipofika kwa wa mwisho nikashindwa kusema. Mkono wako sikuuwahi. Ulikata roho hospitalini mimi nikiwa bado njiani kutoka Mbale, na hilo linaniuma, Baba, linaniuma mno. Watoto wakaimalizia sentensi wenyewe, "Everybody has a book," na hawakukosea.

Jana nilipiga simu Mbale nikasema sirudi mpaka hawa wafanye mtihani. Wamekasirika. Huenda nafasi yangu wakampa mwingine. Na wampe.

Nalala chumbani kwako. Kila jioni napiga hodi kwanza, kwa mazoea. Hakuna anayeitika. Naingia, nawasha taa, nasahihisha madaftari yao.

Nakuahidi hakuna mtoto wako atakayeingia mtihani bila mwalimu. Pumzika, Baba. Nipo.

Binti yako,
Zaituni