Baba Yumo Kwenye Picha ya Makumbusho

Bukoto, Kampala

Dada yangu Aol,

Natumaini mvua imeanza huko Kitgum na miguu yako inapata nafuu. Sisi tupo. Mama anakula kidogo, na mimi nimechoka.

Jumamosi nilikwenda makumbusho kuitafuta ile picha ya bendi ya jeshi. Kweli baba yumo, mstari wa nyuma, ameshika tarumbeta. Nikamwambia mhudumu, "Huyu ni baba yetu Saverio. Alikufa vitani mwaka themanini na sita."

Akanitazama. "Mama, mwaka jana alikuja mwingine akasema huyu ni baba yake." Akampigia huyo mwingine simu palepale.

Anaitwa Benedicte, Mkongomani, anauza vitenge Kyebando. Nilikwenda kwake na hasira zangu. Alipofungua mlango, niliuona uso wa baba.

"Hakufa vitani, dada," aliniambia. "Alikimbilia kwetu Bunia, akamuoa mama yangu. Tulimzika mwaka elfu mbili na nne."

Kisha akanionyesha kitambulisho chake: Benedicte Aol. Baba alimpa jina lako.

Miaka kumi na minane alikuwa hai, na hakututumia hata neno moja. Sijui nimlilie au nimkasirikie.

Niliporudi, Mama aliuliza, "Umemwona?" Nikamjibu kwamba nimeiona picha, na baba amependeza na sare yake. Akatabasamu, akaomba chai.

Njoo, dada. Kumwambia peke yangu siwezi.

Mdogo wako anayekungoja,
Anena