Ukuta wa Jiko la Chini

Fall River, Massachusetts
11 Januari 1988

Mwanangu Natércia,

Mungu akubariki. Mimi mzima, ila goti linanisumbua theluji ikizidi. Huko Florida mnavaa kaptura, najua, usinitambie.

Nimerudi juzi kutoka visiwani Azores baada ya kumzika shangazi yako, nikakuta umenigeuzia nyumba. Jiko la chini limekuwa ukumbi! Bi Odete, mpangaji wako, anasema mafundi waliubomoa ukuta wa katikati kwa siku mbili. Sasa anakoroga supu yake ya sukuma huku anawaona watoto wake watatu sebuleni, na kodi umempandishia. Haya, mwenye nyumba ni wewe, mimi mtunzaji tu.

Ghorofa ya kati bado tupu. Huku kwangu juu mlango wa chumbani umeanza kukwama. Nimeupiga randa.

Baba yako,
Eduíno

Tampa, Florida
16 Januari 1988

Baba mpendwa,

Naomba baraka yako. Sisi hatujambo. Goti lipake ile dawa, usilipuuze.

Mlango ni unyevu wa theluji tu. Ule ukuta ulikuwa unanirudisha nyuma, Baba. Mthamini wa benki akiona jiko pana anaandika bei nyingine kabisa, na benki inanikopesha kwa bei hiyo mpya. Nikipata mkopo huo nanunua zile nyumba mbili za mtaa wa nyuma. Ndivyo nilivyofikisha nyumba nne kwa mshahara wa karani. Mama alifanya kazi kiwandani mpaka akafa, na akafa mpangaji. Naogopa kufa hivyo kuliko kitu chochote.

Mwanao,
Natércia

Fall River
23 Januari 1988

Mwanangu,

Mungu akubariki. Mimi sijambo, lakini sina raha.

Milango sita sasa. Unaniambia unyevu, mimi niliyezaliwa kwa seremala! Mbao za huku huvimba kiangazi, hewa ikijaa unyevu. Januari, stovu zikiwaka, zinanywea. Basi kwa nini milango inabana?

Bi Odete anasema nyumba inalia wakati wa chakula cha mchana. Aliniandikia kwenye mfuko wa mkate: "Mzee, nyumba yenu ina kikohozi. Wewe huisikii, bahati yako." Kweli siisikii. Masikio yangu yalibaki kwenye mashine za kufuma, ndiyo maana tunaandikiana badala ya kupigiana simu. Lakini nikiweka kiganja ukutani nahisi kitu kinasogea, kisha kinatulia. Na theluji juu ya paa imefika magotini.

Nijibu bila kuzunguka. Ule ukuta ulikuwa umebeba hizi ghorofa mbili za juu? Mafundi wako waliweka nini badala yake?

Baba yako

Tampa
28 Januari 1988

Baba mpendwa,

Naomba baraka yako, na uache wasiwasi.

Waliweka boriti ya chuma. Imefichwa ndani ya dari. Usiitoboe dari, rangi bado mpya.

Mthamini anakuja tarehe 2. Zoa maranda yote kabla hajafika, na usimsimulie habari za milango. Wewe ukianza kuongea hunyamazi. Tarehe 11 natia saini ya mkopo, baada ya hapo nitaleta fundi akague unachotaka.

Mwanao,
Natércia

Fall River
6 Februari 1988

Mwanangu,

Mungu akubariki. Mimi mzima.

Mthamini alikuja, akalisifia jiko, akaondoka. Maranda nilizoa. Kuhusu milango nilifunga mdomo, na sikufurahi.

Jumatano Bi Odete alifungasha nguo za watoto, anataka kwenda kukaa kwa dada yake. Dari ya jikoni imepata ufa, mkono unapenya. Nikamwambia abaki. Nikamwambia binti yangu ameandika kwa mkono wake kwamba chuma kipo. Akanitazama sana, kisha akafungua masanduku.

Juzi nilipanda ngazi na nyundo mkononi nitoboe ile dari nione mwenyewe. Nikashuka. Tangu ulipokuwa mdogo hujawahi kunidanganya, na sitaki kuanza kukukagua uzeeni.

Baba yako,
Eduíno

Tampa
12 Februari 1988

Baba,

Hakuna chuma. Fundi alikitaka, lakini kilihitaji kibali cha mji, na kibali kingechukua miezi miwili. Nikamwambia afunike dari hivyo hivyo. Nilidhani nyumba iliyosimama miaka themanini itanivumilia msimu mmoja.

Barua yako ilifika Jumatano. Niliisoma, nikaiweka kabatini. Nilijiambia ni siku moja tu, saini ni kesho. Jana nimesaini.

Tangu saa moja asubuhi nampigia Bi Odete. Simu inaita tu. Nikawapigia zimamoto wa Fall River, nikasema watoeni watu wa nyumba hiyo, kila mtu, sasa hivi. Yule bwana akauliza namba ya nyumba. Nilipoitaja akasema nisikate. Nikasikia anaongea na mtu pembeni. Aliporudi akachukua namba yangu, akasema watanipigia. Imepita saa nzima. Naandika kwa sababu sijui njia nyingine ya kuongea na wewe.

Ukiipata hii usirudi ndani kuchukua chochote. Nijibu hata neno moja.

Kabla hajakata, yule bwana wa zimamoto aliniuliza jina langu. Nikamwambia mimi ndiye mwenye nyumba. Akasema hilo amelielewa, anachotaka kujua ni mimi ni nani kwa yule mzee wa ghorofa ya juu.

Mwanao,
Natércia